Chuma Kilicholala Porini: Kitambue kwa Macho, Usikiguse kwa Mkono



Mtu wa mgodi hahitaji kufundishwa maana ya shimo lililokataa. Mpiga baruti amejaza mashimo yake, watu wameondoka, king'ora kimelia, mwamba umepasuka. Lakini shimo moja limenyamaza. Je, ni nani kati yetu atakayekwenda na sululu kulichokoa ili aone limepatwa na nini? Hakuna. Njia inafungwa, watu wanangoja, anaitwa yule aliyelijaza, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichotia ndani na namna alivyokitia.

Basi tumtazame mtu huyo huyo siku ya Jumapili. Ametoka kutembea, au anakwenda shambani, au anafuata mto kutafuta samaki. Mvua ya jana imeosha udongo. Pembeni ya njia anaona chuma chenye kutu, kirefu kama chupa, kimezama nusu. Anainama. Anakishika. Anakigonga na jiwe apate kujua kama ni shaba au chuma tu. Sheria yote ya mgodi ameiacha nyumbani pamoja na kofia yake ya kazi!

Ndugu, chuma hicho nacho ni shimo lililokataa. Tofauti ni moja tu: aliyelijaza aliondoka miaka mingi iliyopita, na hatarudi kutuambia alichotia ndani. Hilo ndilo neno tunalotaka kila nyumba ilishike leo.

VIMETOKA WAPI?

Wengine husema: «Maniema ni nchi ya msitu, ya kasiterite na mihogo. Mabomu yametoka wapi?» Tuhesabu pamoja.

Kwanza, vita vya 1892 hadi 1894, kati ya majeshi ya Dola Huru ya Congo na wafanyabiashara Waarabu na Waungwana. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili mwaka ule ule. Watu wa wakati ule walipigana kwa magobori na bunduki za kupakia risasi moja moja. Usicheke gobori. Mtutu wake ni bomba, na bomba hilo huenda lilijazwa baruti na halikupigwa. Ukilitia motoni, umelipiga wewe.

Pili, miaka ya uhuru. Novemba 1961 watu 13 wa ndege za Italia, waliokuwa wakiwatumikia Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa Kindu. Julai 1964 Simba waliuchukua mji wetu. Novemba 1964 jeshi la serikali, pamoja na mamluki, liliurudisha, na ndege za kivita zilisaidia kwa bunduki na roketi. Wazee wengi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli walihadithia watoto wao habari za miezi ile.

Tatu, vita ambavyo wengi wetu tuliviona kwa macho. Kindu iliingiwa na AFDL Februari 1997, ikachukuliwa na RCD Oktoba 1998, na mapigano katika vijiji na kando ya njia ya reli yaliendelea mpaka kwenye mapatano ya Desemba 2002 na miaka iliyofuata. Vita hivyo vilileta bunduki za kisasa, mabomu ya mkono, mabomu ya mortie na roketi za begani.

Kwa hiyo udongo wetu una tabaka, kama ule wa mgodi. Jembe la mama linaweza kufukua kitu cha baba, cha babu, au cha babu wa babu. Mahali pa kuangalia sana ni panapofaa vita: karibu na stesheni na madaraja ya reli, kandokando ya uwanja wa ndege, vilimani panapotazama barabara, kwenye vivuko vya mto, na katika kambi za zamani za askari. Ukiona mahandaki ya kale yaliyoota majani, kumbuka kwamba askari hachimbi handaki ili alime karanga.

KUZEEKA SI KUFA

Kosa kubwa ni kufikiri kwamba kutu imeua bomu. Kutu hula ganda la nje. Baruti iliyo ndani inaweza kukaa miaka mia na isipungue nguvu. Huko Ubelgiji, wakulima wa upande wa Ieper bado hufukua makombora ya vita vya 1914–1918 kila wanapolima, na jeshi la nchi hiyo lina kikosi katika mji wa Poelkapelle kinachoyakusanya na kuyaharibu. Zaidi ya miaka 100 imepita, na makombora yale bado yanaogopwa.

Karibu nasi pia tuna somo. Kisangani, chini ya mto huu huu wetu, ilipigwa makombora kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji. Mamia ya raia walikufa. Bunduki ziliponyamaza, makombora ambayo hayakulipuka yalikuwa yamelala kwenye nyua na mashamba ya watu, na ilibidi wafundi wa kazi hiyo waje kuyaondoa.

Kwa nini cha zamani ni kibaya hata kuliko kipya? Sababu ni tatu.

Ya kwanza: kombora lililopigwa likakataa kulipuka limekwisha kufunguliwa. Lilipokuwa ndani ya sanduku, vifungo vidogo viliushika mshale wa kuwashia. Lilipotoka kwenye mzinga, mshtuko na mzunguko viliondoa vifungo hivyo. Likaangukia tope au majani laini, mshale haukupiga vizuri. Tangu siku hiyo huenda unashikwa na punje ya kutu tu. Wewe ukiligeuza, unaivunja punje hiyo.

Ya pili: bomu la mkono lina spring iliyokunjwa, nayo inazuiwa na mkono wa chuma na pini. Pini ikiliwa na kutu, mkono ule unabaki umekandamizwa na udongo peke yake. Ukilinyanyua, udongo unaanguka, spring inaruka, na muda uliobaki ni kama sekunde 3 hadi 5. Katika muda huo mtoto hata hajaelewa sauti aliyoisikia ni ya nini.

Ya tatu: baruti nyingine hubadilika. Wapiga baruti wetu wanajua dinamiti ya zamani inavyotoa jasho, na jinsi jasho lile linavyoogopwa. Vivyo hivyo, makombora mengi ya wakati wa vita vya kwanza vya dunia yalitiwa asidi ya pikriki. Ikigusana na chuma miaka mingi, hufanya chumvi inayoweza kulipuka kwa kusuguliwa kidogo tu.

Sasa unaona kwa nini mtu wa mgodi asijidanganye na kusema: «Mimi baruti naijua, nimefanya nayo kazi miaka kumi.» Baruti unayoijua ni ile iliyotoka depo jana, yenye namba na tarehe. Hii ya porini haina daftari.

NAMNA YA KUITAMBUA UKIWA MBALI

Kutambua ni kazi ya macho, tena ya mtu aliyesimama. Usisogee ili uone vizuri zaidi. Haya yanatosha:

Bomu la mkono hufanana na limau kubwa, na nanasi dogo, au na kopo la maziwa. Juu pana kichwa kidogo, na mara nyingi mkono wa chuma umelala ubavuni.

Bomu la mortie lina umbo la samaki: tumbo nene, mkia mwembamba, na mapezi mwishoni. Likizama kwenye udongo huonekana mapezi peke yake, na watoto huyadhania kuwa kipande cha mashine.

Kombora la mzinga hufanana na chupa nzito. Karibu na kitako lina mshipi wa shaba. Mshipi ukiwa na mikwaruzo ya kulala upande, kombora limepita kwenye mtutu na kukataa. Hilo ndilo baya zaidi.

Roketi ya begani ina kichwa kilichochongoka mbele na fimbo nyembamba nyuma, kama muhindi uliochomekwa kwenye kijiti.

Bomu la kutegwa ardhini linaweza kuwa kama kopo la dawa ya viatu, au kama sahani iliyofunikwa, la chuma au la plastiki. Katika nchi yetu mabomu yasiyolipuka ni mengi kuliko haya ya kutegwa. Lakini haya hayaonekani, kwa hiyo pori lenye sifa mbaya liachwe.

Masasi kila mtu anayajua. Ganda tupu halina kichwa, na kitako chake kina alama ya kupigwa. Lenye kichwa bado lina baruti. Watoto hupenda kuyatia kwenye mbabula ili yalie. Ganda likipasuka motoni hurusha vipande vya shaba, na jicho la mtoto halina kofia ya kazi.

Usitegemee rangi. Rangi ilikwisha kuoshwa na mvua. Tena usiseme «hiki sikioni katika orodha, basi ni salama». Chuma usichokijua, kilichofanywa na mkono wa mtu na kikalala mahali pa vita, kihesabu kuwa bomu mpaka fundi aseme sivyo.

UKIKIONA

Simama. Usikiguse, usikitupie jiwe, usikimwagie maji, usiwashe moto karibu. Waambie walio nyuma yako wasimame pia.

Rudi kwa njia uliyojia, ukikanyaga pale ulipokanyaga.

Ukiwa mbali, weka alama njiani: matawi mawili yaliyovuka, mawe, au kitambaa chekundu kilichofungwa mtini. Usichomeke kijiti ardhini karibu na kitu chenyewe.

Usipige simu wala kupiga picha ukiwa umesimama juu yake. Toka kwanza, halafu ita.

Kama ni kazini, mwambie shefu wako na ofisi ya usalama. Kazi mahali pale isimame. Kama ni kijijini au mjini, mwambie shefu wa kartie au polisi. Hao watapeleka habari kwa wenye kazi. Nchi yetu iliingia katika mkataba wa kukataza mabomu ya ardhini mwaka 2002, na sheria ya Julai 2011 iliweka msingi wa Kituo cha Congo cha Kupambana na Mabomu, kinachoitwa kwa kifupi CCLAM. Kuwaambia wakuu hakukufanyi kuwa mshitakiwa. Mwenye kosa ni anayeficha.

Sema mambo manne tu: wapi, lini, kinafanana na nini, na watu gani wanapita hapo. Swali la «ni bomu gani hasa?» waachie wao. Kazi yako ni kujua mahali.

WANAOVUTWA NA CHUMA

Tuseme kweli, watu hawashiki vitu hivi kwa ujinga peke yake. Shaba ina bei. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu anapita na mizani yake, na nyumbani chumvi imekwisha. Mfua vyuma anataka chuma kizuri cha jembe. Mfinyanzi wa sufuria anatafuta aluminiamu ya kuyeyusha. Mwindaji anataka baruti ya gobori lake. Kila mmoja ana haja ya kweli, na kila mmoja huishia kwenye moto, nyundo au msumeno. Hakuna kitu kibaya zaidi ya hivyo vitatu kwa chuma cha vita.

Tuhesabu basi kama wanavyohesabu kwenye ofisi ya mishahara. Mshipi wa shaba wa kombora moja utakupa pesa ya siku moja au mbili. Mkono wa kulia wa mfanyakazi unamlisha mke, watoto, na mama mzee kijijini, kwa miaka ishirini. Ni nani atakayekubali biashara hiyo?

Nanyi wazazi, sikilizeni jambo hili sana. Mtoto akija na kusema: «Baba, niliona chuma kule kwenye mihogo,» usimpige kwa kuwa alikwenda mbali. Msifu mbele ya ndugu zake. Ukimpiga, siku nyingine atanyamaza, na atakichezea peke yake nyuma ya nyumba. Mtoto aliyepigwa kwa kusema ukweli ameshafundishwa kuficha.

MTU AKIUMIA

Sisi wa dispansari tunaomba yafuatayo, maana dakika za kwanza zi mikononi mwenu kabla hazijafika mikononi mwetu.

Usikimbilie ndani. Mlipuko mmoja una ndugu zake. Mwite mgonjwa kwa sauti, mtulize. Kama anaweza kutembea, atoke kwa nyayo zake mwenyewe. Mwokozi akiingia, awe mmoja, polepole, kwa njia ile ile.

Damu kwanza. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara ili utazame. Kama mkono au mguu umekatika na damu inaruka, funga kipande kipana cha kikwembe juu ya jeraha, kaza kwa kijiti mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga. Usitumie waya. Usikifungue njiani, atakifungua mganga.

Usichomoe kipande cha chuma kilichozama. Huenda hicho ndicho kinachoziba mshipa.

Matumbo yakitoka, usiyarudishe. Yafunike na kitambaa safi kilicholowa maji safi. Usimpe chakula wala kinywaji.

Mabomu mengine hutia fosfori nyeupe. Moto wake hutoa moshi mweupe na harufu kama ya kitunguu saumu, na huwaka tena ukipata hewa. Zamisha sehemu hiyo majini au ifunge kwa vitambaa vilivyolowa mpaka hospitalini. Mafuta ya mawese yasiguse hapo. Yanasaidia sumu kuingia mwilini.

Aliyekuwa karibu na mlipuko lakini hana jeraha naye aletwe. Upepo wa bomu unaweza kuumiza mapafu na masikio bila kupasua ngozi. Anaweza kucheka saa hii, na jioni akashindwa kupumua.

Mwisho, pepopunda. Watu husema inaletwa na kutu. Wadudu wake wanaishi udongoni, na jeraha refu lenye uchafu ndilo nyumba wanayoipenda. Dalili huweza kuchelewa wiki moja au zaidi: taya linakaza, shingo inakaza, mwili unaruka. Kwa hiyo usiweke udongo, majani wala majivu juu ya jeraha. Osha, funga, njoo upate sindano, hata kama jeraha limeanza kupona. Na chanjo za watoto na za mama wajawazito zisikosekane.

VITU VISIVYOLIPUKA

Si kila kitu cha vita ni bomu. Utaona kofia ya chuma, kifungo cha koti, chupa ya maji ya askari, kiatu, na wakati mwingine mfupa. Hivyo pia viache palepale. Kwanza, kando yake kunaweza kuwa na kisichoonekana. Pili, huenda umesimama juu ya kaburi.

Wale Waitalia 13 waliouawa hapa mwaka 1961, miili yao ilipatikana na kurudishwa kwao mwaka 1962. Leo wana mahali pao pa kukumbukwa huko Pisa, na jina la mji wetu linasomwa pale. Jamaa zao walipata pa kuwalilia. Lakini ni watu wetu wangapi, askari na wachukuzi, Simba na raia, waliolala msituni bila alama? Yupo mama aliyengoja mpaka akafa. Kifungo kimoja, au kipande cha chuma chenye namba, kikiachwa mahali pake kinaweza kumpa mtu jina lake. Kikihamishwa kinakuwa takataka. Waambie wakuu na wazee wa mahali, na wao watajua namna ya kuheshimu.

KUMBUKA

Usichokiangusha, usikiokote.
Kutu si dawa ya bomu.
Moto, nyundo na msumeno mbali na chuma cha vita.
Jua mahali, weka alama, toa habari.
Mtoto anayesema, msifu.

Wazee walitwambia: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Chuma cha vita kimelala. Kazini tunaheshimu shimo lililokataa kila siku, na ndiyo sababu tunarudi nyumbani jioni. Basi Jumapili nayo, njiani, shambani na mtoni, tulichukue fundisho lile lile pamoja na panga na kikapu. Ukurasa huu ukikwisha kusomwa, mpe mwana wako mkubwa awasomee wadogo zake, halafu ubandikwe mlangoni.